Kagua, Omba, Ondoka

Barasa alikuwa amejiamulia kufungwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Nekoye kuliko mengine yote.

Aliketi kwenye benchi katika chumba cha mahojiano, kituo kimoja cha polisi mjini Thika, mkono wa kushoto ukiwa kwenye bendeji. Sare yake ya kampuni ya Neema Bidhaa ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya dukani upande ule ambao haukulowa damu. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kwanza kuendesha bila mwalimu kando yake. Kanta, lori lake dogo la mizigo, ilikosa breki kwenye mteremko wa njia ya Gatuanyaga, ikaacha barabara na kubingiria hadi mtoni. Musembi, utingo wake, alikufa hapo hapo. Sasa ilikuwa Jumatano, na kesho asubuhi Barasa angesimamishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya. Bosi wa Nekoye hakuona cha kuchunguza. Mtu amekufa, dereva yupo, basi kazi imekwisha.

"Andika ni makosa yangu, mayi," Barasa alisema. "Uniache nilale."

"Usiniite mayi kama mama wa kwenu. Hapa mimi ni afande."

Wote wawili walizaliwa Bungoma, na tangu Jumatatu kulikuwa na watu koridoni waliokuwa wakinong'ona kwamba Nekoye anamtetea mtu wa kwao. Maneno hayo yalimchoma, na kwa sababu yalimchoma alikuwa mkali kwa Barasa kuliko alivyostahili.

"Nieleze ulivyoajiriwa," alisema.

"Hiyo itamfufua Musembi?"

"Haitamfufua. Sema."

Barasa alishusha pumzi. Akaeleza kwamba walikuja watu wengi siku ile, kila mmoja na leseni ya malori, cheti cha tabia njema na barua ya daktari wa macho. Mzee Macharia, dereva mkongwe wa bohari, hakutazama karatasi ya mtu. Alisimamisha mapipa mawili uani, nyuma yake akaweka chupa ya soda iliyojaa, akawaambia warudishe kanta kinyumenyume kati ya yale mapipa. Anayevunja chupa anunue nyingine na aende nayo kwao.

"Wengine waliivunja. Mimi niliigusa, ikayumba, haikuanguka. Mzee akasema, 'Huyu anaweza kufundishika.'"

"Na alikufundisha?"

"Mwezi mzima nilikaa kando yake, njia ya Ruiru. Alinifundisha kupakia, mzigo wa duka la mwisho uingie kwanza. Alinifundisha simu ikae kwa droo ya gari mpaka injini izimwe, hata kama ni mamako anapiga. Na kila asubuhi ni kagua, omba, ondoka. Alisema dereva anayeruka moja kati ya hizo atakuja kulia."

"Jumatatu uliruka gani?"

Hapo Barasa aliinua macho kwa mara ya kwanza, na yalikuwa na hasira. "Sikuruka kitu! Nilikagua, madam Kui wa ofisi akiwa hapo, fundi Gachau akiwa hapo. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Nikakanyaga pedali mbele yao, ikasimama ngumu. Tukaacha injini ikipata moto huko nyuma ya stoo, tukaenda mbele ya ofisi kuomba. Kuomba kukiisha nikapanda na Musembi, tukaenda. Uliza."

"Nani aliomba?"

"Mimi. Kwa kawaida ni Gachanja, yule mlinzi. Lakini mzee alisema anayepewa ufunguo leo ndiye aombe."

"Uliomba kwa muda mrefu?"

"Mimi huomba kirefu. Walikuwa wananicheka nayo tangu nianze training."

Nekoye aliweka simu ya Barasa mezani, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo. "Mwalimu wako alikupigia mara nyingi ulipotoka tu getini. Mbona hukushika?"

"Si nimekuambia ilikuwa kwa droo. Si ni yeye alinifundisha?"

"Na kwa nini ulienda Gatuanyaga wakati umefundishwa Ruiru?"

Kijana aligeuza uso ukutani.

"Niliomba ofisi mwenyewe," Barasa alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Sababu ilikuwa nzuri, afande. Na Musembi amekufa nayo. Sitaki kuisikia tena."

Nekoye alitoka akiwa amekasirika hasa. Jibu hilo peke yake lingetosha kumfunga. Dereva mgeni anajitakia njia asiyoijua, kisha anaua mtu. Hata hakimu mwenye usingizi angeielewa kesi hiyo.

Ila kulikuwa na nati. Mkaguzi wa magari aliyetambaa chini ya mabaki ya kanta alikuwa amemwonyesha Nekoye kwa kidole bomba la breki la gurudumu la nyuma. Nati inayolishika ilikuwa imelegezwa kidogo, na kwenye pembe zake kulikuwa na mikwaruzo inayong'aa, ya spana, mipya kabisa. Gari hutoka na breki zake zote. Kila dereva akikanyaga, mafuta yanavuja, hadi pedali inagusa sakafu.

Ikiwa Barasa alisema kweli, breki zilikuwa nzima wakati wa kukagua, na zilikuwa zimeharibiwa wakati wa kuondoka. Katikati kulikuwa na maombi tu. Nekoye alitaka kwanza kujua kama Barasa ni mtu wa kusema kweli, na kwa hilo hakuona haja ya kuwauliza waliomwajiri. Akachukua njia ya Ruiru.

*

Becky, mwenye duka la jumla karibu na stesheni ya reli ya Ruiru, hakumkaribisha. Alimwona akishuka kwenye gari la polisi akaanza kulalamika kabla hajafika kaunta.

"Nyinyi mkisimama hapo wateja wangu wanapita kando. Niko na leseni zote. Unataka nini?"

"Nataka Barasa. Yule dereva mpya wa Neema Bidhaa."

"Si mmemshika? Sasa mnamtafuta kwangu?"

"Anaendeshaje?"

Becky alicheka kwa dharau. "Kama bibi harusi. Hapa mlangoni akirudisha gari anashuka kuangalia nyuma, anapanda, anashuka tena. Boda boda wanapiga kelele, mimi napiga kelele, yeye anaangalia tu tairi. Nilimwambia mzee Macharia, huyu mtoto wako ni mwoga."

"Mwoga hakimbizi gari mteremkoni."

"Mimi sijui mambo ya miteremko. Mimi nauza unga."

Alipima sukari ya mteja kwa nguvu hadi nyingine ikamwagika. Nekoye hakuondoka. Alikuwa amejifunza kwamba mtu mwenye hasira humalizia mwenyewe asipoulizwa.

"Kama unataka mtu wa kumhurumia, muhurumie mzee," Becky alisema. "Macharia ameniletea mzigo tangu hii duka ni kibanda cha mabati. Ijumaa alikuja kuniaga. Ati kijana akimaliza kufundishwa, anapewa Ruiru, na mzee anaambiwa asante. Woi! Wanamfanya afundishe mtu wa kumtoa kazi!"

"Alikuwa na hasira?"

"Wewe ungekuwa unaimba?"

"Alisema nini?"

"Alisema wacha waone. Huyo mtoto hatamaliza wiki bila kugonga gari ya mtu kwa jam, halafu hao wa ofisi watamtafuta yeye Macharia wakipiga magoti." Alipomaliza kusema hivyo, mkono wake ulisimama juu ya mizani. Alimtazama Nekoye, na uso ukabadilika. "Hayo ni maneno ya mtu ameudhika. Usiende kuandika ati Becky amesema. Mimi mahakamani siji!"

"Utakuja ukiitwa, mama."

"Toka kwa duka yangu."

Nekoye alitoka. Akasimama kando ya barabara akiangalia magari yakisukumana kuingia mjini, bampa kwa bampa, hakuna aliyekuwa akienda kasi ya kumuua kuku. Kanta isiyo na breki ingeishia hapa nyuma ya pikapu ya mtu. Taa zingevunjika, matusi yangetupwa, na dereva mgeni angefutwa kazi jioni hiyo hiyo. Hapa Musembi angekuwa hai. Aliwaza hilo njia yote ya kurudi Thika.

*

Gachanja, mlinzi wa bohari ya Neema Bidhaa, alifungua geti upana wa uso wake tu.

"Warrant?"

"Fungua, mzee."

"Nimeuliza warrant."

"Mtu wenu amekufa na gari lililotoka kwa geti lako. Nikirudi na warrant nitakuja pia na pingu. Chagua."

Akafungua, lakini hakumwamkua. Uani malori yalikuwa yamelala tangu Jumatatu, na wapakiaji walikaa juu ya magunia ya unga, nyuso zikiwa nzito. Hakukuwa na dereva hata mmoja. Walikuwa wamevuka barabara kwenda kibanda cha chai, Macharia akiwa pamoja nao. Kui, mkuu wa bohari, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alitoka ofisini kwa hatua za mtu aliyekuja kufukuza mbuzi shambani.

"Madam, mzigo umekaa siku mbili. Maduka yananipigia kutoka Juja mpaka Ruiru. Kijana alijiangusha. Tumekubali msiba wetu, wacha sisi tufanye kazi."

"Ama umetumwa na watu wa kwenu?" Gachau, fundi, alidakia kutoka chini ya kivuli cha stoo. Alikuwa mfupi, mnene, ovaroli imekuwa nyeusi kwa grisi. "Sisi tunajua vile mnasaidiana."

Nekoye alimgeukia taratibu. "Vizuri umeongea wa kwanza. Nati ya bomba la breki ililegezwa kwa spana. Hapa nani hushika spana?"

Wapakiaji wote walimtazama Gachau, na Kui pia akamtazama, kisha akajifanya anafuta miwani. Gachau alianza kutokwa jasho.

"Kui alikuwa hapo! Breki zilikuwa sawa!"

"Zilikuwa sawa wakati wa kukagua. Kisha zikaharibika kabla ya kutoka. Wewe unajua ilipo kila nati, na Barasa alikushtaki ofisini wiki iliyopita kwamba unachelewesha magari. Nimesikia hayo pia." Hilo alikuwa amelisikia kwa mpakiaji mmoja Jumatatu ile ile, na tangu hapo Gachau ndiye aliyekuwa kichwani mwake. "Ulikuwa wapi wakati wa maombi?"

"Kwa maombi! Sisi wote tulikuwa kwa maombi."

"Macho wazi?"

"Nani huomba macho wazi?"

"Basi ni nani alikuona?"

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amewaapia polisi Jumatatu kwamba wote walikuwa pamoja pale mbele ya ofisi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiri kwamba aliapa juu ya kitu asichokiona. Nekoye mwenyewe alikuwa ameyaandika maelezo hayo bila kushtuka, maana hata kwao Bungoma mtu haulizwi alimwona nani wakati wa sala. Alijilaani kimoyomoyo.

"Hawakuniona, lakini walinishika!" Gachau alipiga kelele. "Muulize huyu Kui! Muulize!"

Kui alikunja uso. "Ni kweli. Alinishika mkono. Nilitoka hapo na grisi mpaka kwa kiwiko, blauzi ikaharibika. Nilinawa na sabuni ya unga na bado ikabaki."

"Mnaombaga mkiwa mmeshikana mikono?"

"Hapana, hatufanyangi hivyo," alisema Gachanja, akiwa amesogea kutoka getini bila kutaka. "Ni huyo kijana. Alikuwa ameshaanza kuomba, halafu akasema leo tushikane mikono, sababu hii kazi ni ya watu wengi. Mimi sikupenda. Lakini mtu akishaanza kuomba utamkataza?"

Nekoye aliona njia, na alitaka kuiendea taratibu.

"Simu zenu zote hapa juu ya gunia," alisema. "Hakuna mtu kupiga, hakuna mtu kuvuka barabara. Sasa simameni vile mlisimama."

Walinung'unika, wakasema wana kazi, wakasema hii ni kudharau maombi. Lakini walisimama. Kui alimshika Gachau mkono akiuma meno. Mkono wa pili wa Gachau ulienda kwa Gachanja. Gachanja akamshika mpakiaji, mpakiaji akamshika mwenzake, na hivyo hivyo hadi kwa Barasa, ambaye nafasi yake Nekoye aliijaza mwenyewe. Pengo la Musembi lilikuwa mwisho, kati ya Barasa na Kui. Hakuna aliyetaka kuliziba. Kui alianza kulia, akageuza uso pembeni ili asionekane.

Kila mkono ulikuwa na mwenzake.

"Madereva wengine walikuwa wapi?" Nekoye aliuliza.

"Walikuwa wameshatoka," Gachanja alisema. "Wao huombewa mapema, njia zao ni ndefu."

"Na Macharia?"

"Yeye alikuwa. Alikuwa hapa. Si ndiye alimwambia kijana aombe?"

"Alimshika nani?"

Gachanja alifungua mdomo, akawatazama wapakiaji. Wapakiaji walimtazama yeye. "Sisi tulidhani yuko upande wenu," mmoja alisema.

"Amina ilipoisha nilimwona nyuma yangu," alisema Kui polepole.

"Pengine alisimama kando," Gachau akasema. Nekoye alimwona akijitahidi kumtetea mtu ambaye angemwacha yeye Gachau afungwe. "Ni mzee. Mzee anaweza kusimama kando."

"Anaweza," Nekoye alikubali. "Kwa hiyo atatuambia mwenyewe. Atakayefungua mdomo kabla sijamruhusu, leo analala kwangu. Mzee Gachanja, kabla hujaenda kumwita. Gari la Barasa lilipotoka, uliona nini?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Lilipinda kushoto, njia ya Garissa, ile ya kwenda Gatuanyaga. Macharia akatoka mbio mpaka barabarani, akirusha mikono, akiita. Mimi nilicheka. Nilimwambia, mzee, mwachilie mwanafunzi wako aende. Hakunijibu. Alikuwa anapiga simu."

*

Macharia alikuja bila haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya kampuni imepauka kwa jua, na alimsalimia Nekoye kwa adabu baridi ya mtu anayezungumza na kondakta.

"Habari ya kazi, madam. Nimeambiwa unanitaka."

"Wewe ndiye ulimfundisha Barasa."

"Nilijaribu."

"Alikuwa dereva mbaya?"

"Alikuwa mgeni. Mgeni akipewa gari mapema, hayo ndiyo huwa. Niliwaambia hawa wa ofisi." Alimtupia Kui jicho. "Mimi si wa kusikizwa siku hizi."

"Jumatatu ulikuwa wapi kati ya kukagua na kuondoka?"

"Kwa maombi, kama kila mtu."

"Kando, ama pamoja nao?"

"Pamoja nao. Hapa." Alipiga hatua mbili, akasimama katikati ya Kui na Gachanja, mahali pa Gachau. Uso wa Gachau ulianza kuvimba, lakini Nekoye alimwonya kwa jicho.

"Unakumbuka vizuri?"

"Madam, mimi nimeomba kwa hii uwanja kabla hujajua kusoma."

"Mikono yako ilikuwa wapi?"

Macharia alilishangaa swali hilo. "Mikono? Nyuma. Nilikuwa nimeishika kofia nyuma. Mimi husimama hivyo."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Na Kui na Gachanja, mikono yao?"

"Sasa mimi nitajuaje, macho yakiwa yamefungwa? Kila mtu hukaa na mikono yake. Sisi ni madereva, hatushikani mikono kama watoto wa nursery."

Uso wa Macharia ulipita kwa mmoja mmoja wao ukitafuta ni nini alichokosea, na hakuna aliyemsaidia. Gachanja aliinamisha kichwa. Hatimaye Gachau hakuweza tena.

"Mzee, hapo ndipo nilikuwa mimi! Kui alinishika huu mkono! Tulishikana sisi wote, ni wewe tu hukuwa!"

"Nilisahau," alisema Macharia.

"Umesahau mikono ya watu wawili?" Nekoye alimsogelea. "Ulimpa kijana maombi kwa sababu unajua anaomba kirefu. Akafunga macho, ukaenda nyuma ya stoo. Injini inanguruma huko, hata mtu akiita hasikiki. Ulilegeza nati, ukarudi kwa amina."

"Huna ushahidi."

"Simu yake iko kwangu. Ulimpigia ukijua iko kwa droo, sheria yako mwenyewe. Kwa nini ulimpigia hivyo, mzee?"

"Alikuwa amekosea njia!"

"Mtu akikosea njia atarudi akifika mbele. Hakimbiliwi barabarani na mzee wa miaka yako. Ulikuwa unajua gari linaenda wapi na linaenda bila nini."

Adabu yote ilimtoka Macharia kwa mara moja, na kilichobaki kilikuwa chuki tupu. Hakumwelekezea Nekoye, alimwelekezea Kui.

"Nilitaka bampa!" alifoka. "Bampa peke yake! Aguse gari ya mtu huko Ruiru kwa jam, nyinyi mjue dereva ni nani hapa! Miaka yote nimewabebea, halafu mnaniletea mtoto nimfundishe anikalie kwa kiti! Nani alimtoa Ruiru? Nani alimpeleka kwa ule mteremko? Ni wewe! Kui, wewe ndiye umemuua Musembi, si mimi!"

Wapakiaji walirudi nyuma. Nekoye alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, mbele ya mashahidi wa kutosha, na Barasa angelala nje leo. Alikuwa ameshatoa pingu. Lakini Kui alikuwa amesimama wima, miwani imemwanguka kifuani, na Nekoye akaona kwamba mwanamke huyu hakuwa na hasira tena. Alikuwa na hofu ya kitu alichotaka kusema.

"Mzee," Kui alisema, "kwani hukusikia kijana akiomba?"

"Nisikie nini?"

"Alikuja kwangu Jumatatu kabla sijafungua ofisi. Aliambiwa na wapakiaji kwamba akichukua Ruiru wewe unaenda nyumbani. Akasema, madam, mimi sina watoto, mzee ako na watoto wa shule. Mwachie Ruiru yake. Mimi nipe ile njia ya vumbi ya Gatuanyaga yenye imekosa dereva. Nikakubali. Nilinyamaza juu yake kwa sababu head office wakijua nilimtuma mtu njia hajafundishwa, mimi pia sina kazi." Alijifuta uso kwa mkono. "Aliniambia nisikuambie. Alisema atakuambia mwenyewe kwa maombi, ndiyo usikatae."

Macharia alimgeukia Gachanja. "Ni uongo."

"Si uongo," Gachanja alisema bila kumtazama. "Alikutaja jina. Alisema Mungu, umbariki mwalimu wangu Macharia na Ruiru yake, umpe nguvu azeeke kwa hiyo njia. Sisi wote tukasema amina."

"Mbona hamkuniambia? Siku mbili zote hizi!"

"Tukuambie kitu ulisikia?" Gachau alisema. "Tulijua ulikuwa hapo."

Mzee alitazama mikono yake, akaiweka nyuma, akaitoa tena mbele. Nekoye alimfunga pingu na hakukuwa na upinzani wowote. Hakumwonea huruma. Alijaribu, kwa vile alikuwa mtu mzima, lakini kila alipojaribu alimwona Musembi chini ya kanta na Barasa kwenye benchi akiomba kufungwa. Alimwongoza hadi kwenye gari la polisi nje ya geti.

Huko Macharia alisimama, akakataa kupanda.

"Afande," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. "Yule kijana bado yuko huko kituoni?"

"Yuko. Tukifika anatoka."

"Tutakutana?"

"Mtapishana mlangoni. Yeye akitoka, wewe ukiingia."

Macharia aliitazama barabara, kushoto na kulia, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Hakuna mlango mwingine?"

"Hakuna," alisema Nekoye, akamshika bega na kumwinamisha aingie.